Ukuta Wetu Hauna Wapagazi

Namjua kijana mmoja wa Liverpool kuliko ninavyomjua babu wa susu yangu. Na si kwa mapenzi. Nililipwa.

Wacha nieleze. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, karo ilipokatika, nikarudi nyumbani Kathiani na kompyuta iliyopasuka kona moja. Tangu hapo nakula kwa kuandika. Naandika chochote: maelezo ya sabuni, hotuba za harusi na, ndio, insha za wanafunzi wa ng'ambo ambao wamelipa karo yote lakini hawana muda wa kusoma. Usinihukumu haraka. Mimi nilikuwa na muda, nikakosa karo.

Siku moja ikaja oda. Maneno 2,000 kuhusu kumbukumbu ya kanisani ya daktari wa upasuaji wa jeshi aliyefia vitani akiwa bado kijana. Mteja alimtaka Noel Chavasse. Nikanunua bando la usiku, nikachemsha chai, nikaanza kumsoma.

Chavasse alizaliwa mwaka wa 1884. Baba yake alikuwa Askofu wa Liverpool, yule aliyesukuma ujenzi wa kanisa kuu la mji huo. Kijana alikimbia mita 400 katika Olimpiki ya London ya 1908, akasomea udaktari, na vita vilipoanza akaenda Ufaransa na Ubelgiji na kikosi cha Liverpool Scottish. Agosti 1916, huko Guillemont, alitoka usiku na watu waliojitolea, akatafuta majeruhi mbele ya mitaro ya adui. Alipewa Victoria Cross. Mwaka uliofuata, vita vya Passchendaele vilipoanza, alijeruhiwa kichwani siku ya kwanza, tarehe 31 Julai. Akakataa kuondoka. Akaendelea kuwatibu watu na kuwatafuta gizani mpaka kombora likampata. Alikufa tarehe 4 Agosti 1917, akiwa na miaka 32. Akapewa Victoria Cross ya pili, na katika vita vile vyote hakuna mwingine aliyeshinda mbili. Jiwe la kaburi lake huko Brandhoek limechongwa misalaba miwili. Anasemekana kuwa na kumbukumbu nyingi kuliko mshindi mwingine yeyote wa nishani hiyo, makanisani na nje ya makanisa.

Sina ugomvi na Chavasse. Nimeisoma kazi yake usiku wa manane na nimeiheshimu. Daktari anayerudi mara ya tatu kumfuata mtu aliyelala matopeni anastahili jiwe lake, na ningekuwa mshirika wa kanisa lake ningetoa sadaka jiwe hilo lipigwe msasa.

Kitu kimoja tu kilinikwama kooni. Katika makaburi yale yale ya Brandhoek amelala pia askari wa kawaida aliyekuwa mtumishi wake, aliyekufa siku chache baada yake. Ana jiwe. Lina jina lake. Ukubwa ni ule ule wa jiwe la bwana wake. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya tume ya makaburi ya vita ya Uingereza, iliyoundwa mwaka huo huo wa 1917: jenerali na mpishi wake, mtoto wa askofu na mtoto wa mwuza samaki, wote jiwe moja. Nilipofika hapo nikaacha kuandika. Nikamfikiria babu wa susu.

Jumapili iliyofuata nilikuwa kanisani. Kanisa lenyewe silitaji, na huku Kathiani makanisa si machache, kwa hivyo usianze kupiga hesabu. Wakati wa matangazo mzee mmoja wa kanisa alisimama akatueleza kuhusu ukuta mpya. Utakuwa ndani, upande wa kulia wa madhabahu, wa marumaru nyeusi. Majina yatachongwa kwa rangi ya dhahabu. Ukitoa shilingi 50,000 unapata mstari mzima, herufi kubwa. Ukitoa 20,000 unapata mstari mwembamba, wewe na mke wako. Chini ya hapo utaingizwa kwenye kitabu, na kitabu kitawekwa ofisini. Mzee akatusomea Nehemia sura ya tatu, ile iliyojaa majina ya waliojenga ukuta wa Yerusalemu, nani alijenga lango lipi. Watu wakapiga makofi.

Mimi nikaangalia nyuma, kwenye benchi la wazee, nikamwona susu yangu anapiga makofi pia, taratibu, kama mtu anayepangusa unga mikononi. Yeye alikuwa ametoa kuku.

Jioni nikamuuliza: susu, yule babu yako aliyechukuliwa wakati wa Kariakoo, aliitwa nani? Akaniangalia kana kwamba nimemuuliza jina la Mungu. Akalitaja. Jina kamili, la kwake na la baba yake. Akaniambia mambo aliyoambiwa na baba yake mwenyewe, ambaye siku hiyo alikuwa mtoto mdogo wa kufuata mbuzi. Kwamba watu wa chifu walikuja asubuhi. Kwamba mzee aliondoka na kitete cha uji na blanketi moja. Kwamba mke wake alikaa misimu mingi ya mvua akimtengea sehemu ya mbegu, mpaka shemeji zake wakamwambia basi. Hakuna aliyekuja kusema amekufa. Hakuna aliyeleta mshahara. Hakuna aliyeleta hata lile blanketi.

"Mwana wakwa," akaniambia, "we ni mtu wa kwanza kuniuliza hilo jina."

Ndipo nikakasirika, msomaji, na sijapoa hadi leo.

Kwa sababu hii si siri ya familia moja. Ni Ukambani yote, na Nyanza, na Ukikuyu, na pwani, na Uganda na Tanganyika na Nyasaland. Mwaka wa 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwachukua wanaume kwa lazima wakabebe mizigo ya jeshi. Mwaka wa 1917, kampeni ilipozama kusini kwenye mto Rufiji na nyuma ya Kilwa na Lindi, wakasombwa kwa wingi zaidi. Aliyekabidhiwa kazi hiyo alikuwa John Ainsworth, yule yule aliyeanza kuitawala Ukambani kutoka hapo Machakos mjini mwaka wa 1892. Alizijua njia za vilima hivi. Kwa jumla Waingereza walitumia wapagazi wanaokaribia milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki, kwa sababu mbung'o waliua ng'ombe na farasi, na pasipo na barabara mzigo hubebwa na kichwa cha mtu. Zaidi ya 90,000 walikufa. Risasi iliua wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia, na unga wa mahindi usioiva, ambao matumbo ya wengi wao hayakuuzoea.

Na hao ndio waliobeba machela. Hapa ndipo habari ya daktari wa jeshi inapotugusa sisi. Daktari bila mbebaji ni mtu mwenye makasi tu. Kila afisa aliyefikishwa hospitalini akiwa hai kutoka porini alifika juu ya mabega ya watu. Uganda vijana wa shule, wengine kutoka Budo, waliingizwa mwaka wa 1917 katika kikosi cha tiba cha Waafrika, wakawaosha na kuwafunga vidonda wapagazi waliokuwa wakifa kama siafu waliomwagiwa maji ya moto. Huo ni ushujaa wa Chavasse kabisa. Kasoro yake ni moja: haukupata askofu wa kuwa baba yake.

Sasa niambie, kumbukumbu yao iko wapi? Utaniambia Nairobi, Kenyatta Avenue, sanamu ya watu watatu wa shaba iliyosimamishwa mwaka wa 1928. Nimesimama hapo nikingoja matatu, nimeisoma. Maneno yake yalitungwa na Rudyard Kipling, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na yanaahidi kwamba hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Ahadi tamu. Lakini izunguke hiyo sanamu mara saba kama Yeriko, hutaona jina hata moja. Watoto wakumbuke jina ambalo wewe mwenyewe uliyejenga hukuliandika? Ukitaka kumbukumbu nyingine, kuna Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Zote zimetokana na jina la kikosi cha wapagazi. Tunaenda huko kununua viondo na mitumba, na hatujui tunatembea juu ya jina la nani.

Na si kwamba walisahau. Waliamua. Mwaka wa 1923 gavana wa Gold Coast, Guggisberg, aliiambia tume ya makaburi kwamba mwenyeji wa kawaida wa kule hangeelewa wala kuthamini jiwe la kaburi. Huku kwetu mawazo yalikuwa hayo hayo. Ilichukua mpaka mwaka wa 2021 ndipo tume hiyo ikatoa ripoti na kuomba radhi. Ripoti ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Hebu zirudie hizo namba mbili. Pengo kati yake ni zaidi ya watu laki mbili. Hatuna hata hakika kama watu laki mbili walikuwepo!

Kukosa jina kulikuwa na bei pia. Mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa haikufika kwa jamaa zao. Sababu iliyotolewa ni kwamba jamaa hawangeweza kupatikana. Ati hawangeweza kupatikana! Ulipokuja kumchukua mwanamume ulijua boma lake. Ulipotaka kodi ya kibanda ulijua boma lake. Ilipofika siku ya kulipa, ghafla Ukambani ikawa msitu usio na njia.

Nawasikia wanaosema: hayo yaseme kwa Waingereza, kanisa letu limekosa nini?

Kanisa lilikuwepo, ndugu yangu. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliwakusanya wapagazi yeye mwenyewe mwaka wa 1916, akapewa cheo cha meja, akatembea nao bara. Daktari John Arthur wa misheni ya Kikuyu aliongoza wapagazi karibu 2,000 kutoka misheni mwaka wa 1917. Wamisheni walijua kuandika. Walikuwa na vitabu vya ubatizo, vitabu vya ndoa, vitabu vya sadaka. Hakuna mtu katika nchi hii ambaye ameandika majina yetu kwa bidii kuliko kanisa. Chifu aliandika jina lako akutoze, kanisa likaandika jina lako likuokoe. Kwa hivyo kanisa haliwezi kuniambia leo kwamba kuandika majina ni kazi ngumu. Linaandika sasa hivi. Kwa dhahabu. Kwa 50,000.

Wa pili ananiambia: hao hawakuwa mashujaa, walilazimishwa. Chavasse alijitolea. Ni kweli, walilazimishwa. Na ndio maana deni ni kubwa zaidi. Aliyejitolea alipewa angalau nafasi ya kuchagua kifo chake. Huyu wetu alinyang'anywa mbuzi, mke, uji, na mwisho jina. Ukimnyima ukumbusho kwa sababu alilazimishwa, unamwadhibu kwa kosa la aliyemkamata.

Wa tatu, na huyu ni mtu wa karibu sana na mimi, ananiambia kwamba kuchonga majina ya wafu kanisani ni kurudia mambo ya mizimu tuliyoyaacha. Sawa. Lakini mbona sijasikia mtu akiogopa mizimu makanisani Nairobi na Mombasa mbele ya vibao vya shaba vya makapteni na wamisionari? Mzimu ni wa mtu mweusi peke yake? Na kama Nehemia sura ya tatu inaweza kutumiwa kuuza marumaru, basi tugeuze kurasa chache mbele, sura ya saba. Huko Nehemia anahesabu watu waliotoka utumwani, nyumba kwa nyumba, baba kwa baba. Wapo hata wale walioshindwa kuonyesha ukoo wao, nao wametajwa. Sura hiyo sijaisikia ikisomwa siku ya harambee.

Wa nne anasema ni ya zamani, tuzike. Ningekubali kama tungekuwa tumeacha tabia. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya wanajeshi wetu ilivamiwa El Adde, Somalia. Rais wa Somalia wa wakati ule alisema kwenye televisheni kwamba waliouawa walikuwa kati ya 180 na 200. Sisi tulikanusha idadi yake na hatukutoa yetu. Ibada kubwa ilifanyika Eldoret, katika kambi ya Moi, marais watatu wakahudhuria, mashada yakawekwa. Idadi haikusomwa. Miaka mia moja kamili baada ya wapagazi, serikali iliyo huru, yenye wimbo wake na bendera yake, ilishindwa kuhesabu watoto wake hadharani. Katika kambi kama zile kuna pia madaktari na wauguzi, vijana waliosomeshwa kwa ng'ombe wa mzee na harambee za kanisa kama hili letu. Mzazi wao akiuliza, tutamwambia nini? Kwamba atoe 50,000?

Ndio maana nasema: tusipojifunza kuandika jina la mpagazi hatutawahi kuandika jina la daktari. Ni mkono ule ule.

Sasa, siandiki haya ili kulia tu. Ombi langu ni dogo na lina muda wake. Susu yangu ana umri wa kuamka usiku mara tatu. Wenzake pale benchi la nyuma wamebaki kama saba. Hao ndio maktaba. Kila mwezi tunazika mmoja, tunamsomea historia ndefu ya maisha, tunakula, tunaenda, na majina aliyokuwa nayo kichwani yanaenda naye. Huko Liverpool wangeweza kungoja miaka mia na bado wangempata Chavasse kwenye karatasi. Sisi karatasi yetu inapumua, na inakohoa.

Kwa hivyo, wazee wa kanisa, hivi ndivyo naomba. Kabla fundi hajakata jiwe la kwanza, nunueni daftari moja la kurasa 200. Hata mimi nitalinunua. Baada ya ibada, kila utui ulete majina: nani alichukuliwa, mwana wa nani, wa mbai gani, alirudi au hakurudi. Sisi vijana tutakaa na wazee na kuwarekodi kwa simu, maana simu tunazo na kazi hatuna. Tuanze na wapagazi, twende kwa waliopigana Burma, tuje mpaka Somalia. Asiyejulikana jina aandikwe hivyo, "mwana wa fulani, jina limepotea," ili hata upotevu uwe na mstari wake. Halafu hiyo marumaru nyeusi iwe yao, bila malipo. Na wafadhili wetu waingie kwenye kitabu cha ofisini. Yesu aliwahi kusema jambo kuhusu mkono wa kushoto na wa kulia wakati wa kutoa, na sidhani alikuwa anazungumzia mistari ya dhahabu.

Najua nitaulizwa: wewe umetoa ngapi? Nimetoa pesa ya insha ya Chavasse. Sikuileta wakati wa matangazo. Imelipa fundi wa simu aliyeitengeneza maikrofoni yangu ili sauti ya susu isikike vizuri, na nauli ya kwenda Mitaboni kwa binamu yake, ambaye alinipa majina mengine manne. Mwanafunzi wa ng'ambo alifaulu, aliniandikia kunishukuru. Anaijua historia ya kanisa lake sasa, kiasi.

Watu wawili waliosoma rasimu hii wamelalamika kwamba nimekaa nalo mpaka mwisho na sijaliandika jina la huyo babu. Nimelikataza kwa makusudi. Hapa ni mahali pa kupita tu. Kesho utasoma kitu kingine. Limeandikwa mstari wa kwanza wa daftari langu, kwa kalamu ya wino, pamoja na la baba yake, na hao wanne wa Mitaboni wako chini yake. Ukuta ukiwa tayari, njoo Kathiani ulisome.